Chumba Alichokiezua Mama

Juzi fundi alikuja kuziba ufa ukutani kwenye nyumba ninayopanga Sinza. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, wa kawaida, ule ambao kila nyumba inaupata karibu na kizingiti cha mlango. Alikoroga saruji kwenye karai kule uani, akaingia nayo ndani, na harufu ya saruji mbichi na mchanga uliolowa ikajaa chumba kizima. Nilikuwa nimesimama namwelekeza, nikajikuta nimekaa kitandani. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Na kweli nilikuwa nimechoka, ila haukuwa uchovu wa siku hiyo. Ulikuwa uchovu wa zamani, wa nyumba ya Bunju, ambao nilidhani umeshanitoka.

Tuliokulia pembezoni mwa Dar wakati wazazi wetu wanajenga, harufu hiyo tunaijua. Wengi wetu hatukuhamia kwenye nyumba, tulihamia kwenye ujenzi. Unalala chumba ambacho dirisha lake limezibwa kwa gunia, unaamka unakuta baba anapanga tofali sebuleni. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za saruji, vyumba vitatu na sebule, haijapigwa lipu wala haina dari. Usiku ukilala chali unaona mbao za kenchi na mabati, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Ilikaa kwenye mteremko, nyuma yake jiko la mabati chakavu, nyuma ya jiko choo, na nyuma ya choo ardhi inashuka kwenda korongoni. Mbele kulikuwa na barabara ya vumbi iliyovuka karavati na kupanda hadi barabara kubwa ya Bagamoyo.

Baba alifanya kazi kwenye ghala la nafaka mjini. Aliondoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Idi tulimjua zaidi kama mtu wa Jumapili. Siku hiyo alivaa suruali moja iliyokakamaa kwa saruji, akafunga kitambaa kichwani, akajenga. Hakuwa fundi. Alijifunza kwa kuangalia wengine na kwa kukosea. Nakumbuka namna alivyokuwa akigusa tofali baada ya kulipanga, analipapasa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Siku ardhi ilipotikisika nilikuwa nimetoka shule, bado nina sare. Mama alikuwa anapika jikoni, mimi nimeambiwa nimwogeshe Idi uani. Kwanza nilisikia mngurumo, nikadhani ni lori la mchanga linapanda. Nikaendelea kumpaka Idi sabuni. Kisha nikaona maji ya kwenye ndoo yanacheza yenyewe, mikunjo midogo midogo inakimbilia katikati, na lori halitokei. Mabati ya paa yakaanza kulia. Idi akacheka, alidhani ni mchezo. Mimi niliona aibu, sijui kwa nini. Nilihisi kama nimesimama vibaya, kwamba ni miguu yangu ndiyo inayoyumba na watu wataniona.

Mama alitoka jikoni mwiko ukiwa bado mkononi. Alimkwapua Idi na povu lake, mimi akanishika ukosi wa sare, akatuburuta hadi katikati ya barabara na kutukalisha chini. Huko nyuma kitu kilipasuka, mlio mkavu, mfupi. Halafu kukawa kimya, hata kuku walikuwa kimya. Kisha vumbi likapanda kutoka upande wa korongo, na ndipo tukasikia sauti za watu wakiitana majina.

Mtaani kwetu hakufa mtu. Watu walilisema hilo kila mahali siku zilizofuata, wakishukuru, na ni kweli lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini baada ya shukrani tulibaki na vilivyovunjika. Karavati lilikatika katikati na barabara ikashuka upande mmoja kama ngazi, gari haliwezi kupita. Choo chetu kiliinama. Kati ya choo na jiko ardhi ilifunguka mstari mrefu, mwembamba, unaokwenda sambamba na korongo hadi viwanja vya majirani. Idi alikuwa akidondosha vijiwe humo na kutega sikio, mpaka Mama alipomkataza asisogee. Na nyumba yenyewe ilipata ufa ulioanzia pembe ya dirisha la chumba cha wazazi, ukapanda hadi kwenye bati. Kwa nje niliweza kuingiza mkono wangu wote. Kwa ndani uliona mwanga.

Jioni ile Baba alirudi kwa miguu kutoka barabara kubwa. Alizunguka nyumba mara moja. Kisha akaingia ndani akatandika kitanda, kana kwamba tulikuwa tumechelewa kulala tu.

Aliyetuondoa ni Bi Rukia. Alikuwa mwanamke mtu mzima wa ukoo wa Kiarabu, mwenye duka la rejareja pale kona, juu kidogo, mahali ardhi ilipokuwa tambarare. Duka lake lilikuwapo kabla ya nyumba yoyote ya mtaa ule, kuta nene za mawe, baraza pana mbele. Tetemeko lilimwangushia rafu tu, na kwa wiki kadhaa duka zima lilinuka marashi na mafuta ya taa vilivyomwagika pamoja. Watoto wake walikuwa wameshahama, wengine mjini, wengine Oman. Mimi nilimwogopa, kwa sababu hakuwa anacheka na alikuwa akitutazama watoto kama anayetafuta kitu tulichoficha. Alikuja na tochi, akasimama mlangoni kwetu, hakuingia.

"Mama Idi," alisema, "watoto hawalali humo. Njooni barazani kwangu, mie usiku silitumii."

Mama hakumwangalia Baba kuomba ruhusa. Alikunja godoro letu, akalibeba kichwani, nasi tukamfuata. Baba alibaki. Nilidhani atakuja baadaye, akimaliza kufunga milango. Hakuja usiku ule, wala uliofuata.

Baada ya siku chache mwenyekiti wa mtaa alipita na wakaguzi. Waligonga kuta, wakachungulia nyufa, wakauliza maswali. Mmoja wao alimuuliza Baba kama nyumba ina mkanda. Baba akajibu upo. Mama alikuwa amesimama pembeni, akatazama chini. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba mkanda ni zege linalozungushwa juu ya kuta ili zishikane, na kwamba nyumba yetu haikuwa nao, kwa sababu mwaka ule mvua ilikuwa karibu na Baba akaamua kupaua kwanza. Mkaguzi hakubishana naye. Alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu, akachora X kubwa ukutani karibu na mlango, wakaenda nyumba ya jirani.

Nilikuwa darasa la tatu. X nyekundu niliijua vizuri sana, ilijaa kwenye daftari langu la hesabu. Nikaelewa kwamba nyumba yetu imeulizwa maswali na imekosa. Wazo hilo lilinikaa kichwani. Kuna nyumba za jirani zilizopata X, na kuna ambazo hazikupata, na niliona watu wa nyumba zisizo na X wanavyotembea, kama watoto waliofaulu. Nilisikitika kwa ajili ya nyumba yetu. Nilifikiri labda walimuuliza kitu ambacho Baba hakujua, na kama wangerudi wakakuta X haipo, wangeanza upya kuuliza.

Kwa hiyo mchana mmoja, Mama alipokwenda kuchota maji, nilichukua brashi ya kufulia na sabuni ya unga nikaenda kuifuta. Haikutoka. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka kwenye tofali. Ilikuwa Jumapili, na sikumsikia Baba akitokea nyuma yangu. Nilidhani nitapigwa. Aliitazama X, akanitazama mimi, akaingia ndani, akatoka na kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. Akachuchumaa, akaanza kufuta. Rangi ikaanza kulegea na kutiririka. Tulifuta pamoja muda mrefu, yeye juu, mimi chini. Nilikuwa na furaha ambayo bado naikumbuka, kwa sababu hatukuwa na mazoea ya kufanya kitu pamoja, mimi na yeye tu.

Mama alirudi na ndoo kichwani. Siku hizo boza la maji halikuweza kuvuka karavati, ilibidi wanawake wavuke juu ya mbao zilizowekwa pale, wapange foleni upande wa pili, warudi na ndoo. Safari zilikuwa nyingi kutwa. Alisimama akatutazama. Hakuitua ile ndoo.

"Hata ukifuta," alimwambia Baba, "ufa upo."

Alisema taratibu, bila ukali. Kisha akapita zake kwenda kwa Bi Rukia. Baba aliendelea kusugua kidogo, halafu mkono ukapunguza mwendo, halafu akaacha. Pale ukutani palibaki doa la rangi ya waridi, kubwa kuliko ile X.

Yakaanza maisha ambayo sasa nayakumbuka kama siku moja ndefu. Asubuhi tunakunja magodoro kabla wateja wa kwanza hawajaja kununua mkate. Mama anakwenda kwenye maji. Nikitoka shule namshika Idi. Jioni Mama anapika uani kwa Bi Rukia, anapakua chakula cha Baba kwenye bakuli, anafunika kwa sahani, na mimi ninakipeleka kule mteremkoni. Baba anakula amekaa kwenye tofali. Ananiuliza nimesoma nini, namjibu, anasema vizuri. Narudi na bakuli. Yeye analala kule, sisi tunalala huku. Kila Jumapili anakoroga saruji, anajaza ule ufa mpaka juu, anausawazisha kwa mwiko wa kujengea mpaka hauonekani. Nilikuwa napenda kukaa karibu naye na ile harufu, nikiamini kwamba safari hii utapona. Katikati ya wiki ufa unarudi, mwembamba kama unywele, pembeni ya ile saruji mpya. Jumapili anaanza tena.

Mama hakumsema. Nadhani ingekuwa afadhali angemsema. Mara moja tu, nikiwa nasafisha mchele, nilimsikia akimweleza Bi Rukia kwamba kila mvua ikitishia hapati usingizi, anasikiliza upande wa kule. Alisema ameshamwomba Baba kwa upole, ameshamwomba kwa kulia, na kila mara jibu ni kwamba wezi watang'oa milango, au kwamba ufa unakaribia kutulia, au kwamba ile nyumba anaijua yeye aliyeijenga. Bi Rukia alimuuliza kama anataka wazee wakaongee naye. Mama alisema hapana. Alisema mtu huyu hajakataa, amekwama, na ukimletea wazee utamfanya akatae. Sikuelewa tofauti yake.

Watoto wenzangu ndio walionielewesha, kwa namna yao. Siku moja nilikwenda na Mama kwenye foleni ya maji, na msichana mmoja mkubwa kidogo, tuliyekuwa tukicheza naye rede, akaniambia kwamba baba na mama yangu wameachana. Nikambishia. Akaniambia, si unaona kila mtu analala kwake. Akaendelea kunieleza habari za shangazi yake, jinsi alivyoachika na vitu vikagawanywa, mama akachukua kitanda na vyombo, baba akabaki na kabati. Kila kitu kilikaa mahali pake. Bakuli lililofunikwa, chakula ninachopeleka mimi na siyo Mama, namna asivyomtazama Baba machoni. Nilijua kwamba ni kweli, na kwamba wanasubiri tu kugawana.

Kwa hiyo asubuhi ile Mama aliponiambia siendi shule, nilijua siku imefika.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa chini, masika yananukia. Baba ameshaondoka kwenda kazini. Kumbe Mama alikuwa ameshamwendea fundi wa mapaa, fundi akamwambia hawezi kuezua nyumba ya mtu bila mwenyewe kusema. Akamwendea wa pili, jibu likawa lile lile. Sasa alivaa suruali ya Baba ya saruji, akajifunga kanga kiunoni juu yake, akaomba ngazi na nyundo kwa Bi Rukia. Bi Rukia alimtazama kwa muda. Nilitegemea amkatalie. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata siku ya Ijumaa saa ya swala, akachukua upande mmoja wa ngazi. Tukashuka wote, Idi naye akiburuta viatu vya watu.

Aliegemeza ngazi upande wa chumba cha wazazi, mbali kidogo na ufa. Akapanda. Bi Rukia aliishika ngazi kwa mikono miwili, amebana miguu, na buibui lake limejaa vumbi. Mimi niliambiwa nikae mbali, na bati likishuka nilishike ncha, tuliweke chini pamoja. Mama hakuwa amewahi kupanda juu ya nyumba. Alilala kifudifudi kwenye mbao, akaanza kung'oa misumari mmoja mmoja. Ilikuwa imeota kutu na haikutaka kutoka. Kila alipovuta, ukuta ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno, na mchanga ukamwagika kutoka kwenye ufa.

Bi Rukia aliusikia. Alimwambia ashuke, inatosha, wataita wanaume. Mama aliendelea. Akamwambia tena, safari hii kwa sauti ya kumwamrisha, kama mtu na binti yake. Mama akajibu kutoka juu bila kugeuka, akihema.

"Nikishuka leo sitapanda tena, Bi Rukia. Niache nimalize chumba hiki kimoja."

Ndipo nilipoanza kulia. Watu wamekuja kuniambia baadaye kwamba bila shaka nilikuwa naogopa Mama ataanguka, na nimewaacha waamini hivyo. Lakini mimi nililia kwa sababu nilikuwa naona mgawo. Mama amechagua paa, Baba atabaki na kuta, na mimi sijui nitawekwa upande upi. Nilimuuliza Bi Rukia, na machozi yangu, kama Idi atachukuliwa na nani. Hakuelewa nauliza nini. Aliniambia nishike bati.

Hakuezua nyumba yote. Aliezua chumba kimoja tu, kile alichokuwa akilala Baba. Aliposhuka alikaa chini kwenye vumbi, na viganja vyake vilikuwa vimechanika. Bi Rukia alimmiminia maji ya kopo mikononi. Nilichungulia kile chumba kupitia mlangoni. Kitanda cha Baba kilikuwa mahali pake, kimetandikwa vizuri, na juu yake mwanga mwingi mno, na wingu.

Tulibeba mabati tukayapanga barazani. Misumari Mama aliiweka kwenye kopo la maziwa. Kisha akapika. Nilimwona akitia chumvi, akasahau, akatia tena.

Baba alipita nyumbani kwanza kama kawaida yake. Kutoka barazani tuliona mwanga wa simu yake ukiingia nyumba, ukisogea, kisha ukasimama. Ulisimama muda mrefu. Bi Rukia alinyanyuka akaingia ndani, akavuta mlango bila kuufunga kabisa. Mama aliendelea kukaa mkekani, mgongo umenyooka, mikono ameipakata, viganja vimeelekea juu. Nilikuwa nimemkumbatia Idi ili asichukuliwe.

Baba alikuja akasimama mbele ya baraza. Aliyatazama mabati. Akaligusa la juu kwa kiganja, kwa namna ile ile aliyokuwa akigusa tofali.

"Misumari umeiweka wapi?" aliuliza.

"Kwenye kopo."

"Umeing'oa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Nilisubiri kelele, hazikuja. Baba aliinama akamshika Mama mkono mmoja, akautazama kwenye mwanga wa taa ya duka, akaurudisha pale pale alipoutoa. Akakaa kwenye ukingo wa baraza. Akavua kiatu kimoja. Halafu akajilaza ubavu, kiatu kingine kikiwa mguuni, chakula chake kikiwa pale pembeni kimefunikwa, akalala. Hakuwa amelala usingizi wa mtu anayepumzika. Alilala kama mtu aliyezimwa. Nilidhani anakufa kwa huzuni, nikaenda nikakaa karibu na mguu wake wenye kiatu, nikasikiliza anavyopumua. Bi Rukia alitoka na shuka, akamfunika, akatwambia tusimwamshe. Adhana ya alfajiri ilipita akiwa bado amelala. Siku hiyo hakwenda kazini, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kukosa kabla.

Hawakuachana. Hawakugawana kitu. Ilinichukua wiki kadhaa kuamini, na nilikuwa nikiamka usiku kuhakikisha wote wawili wapo mkekani.

Masika yalikuja mazito. Ule mstari wa ardhi nyuma ya jiko ulijaa maji, na asubuhi moja choo na jiko havikuwapo, vimekwenda na udongo hadi chini korongoni. Barabara ilikatika kabisa. Majirani wa upande wa chini walihama mmoja baada ya mwingine, wamebeba milango vichwani. Lakini nyumba yetu haikuanguka. Chumba kile kisicho na paa kilinyeshewa msimu mzima, kitanda kikaoza, na kuta zikabaki zimesimama na ufa wake. Hilo ndilo ambalo nyumbani kwetu hatukulizungumza. Tulihamia Temeke kwa ndugu, kisha chumba cha kupanga Mbagala, kisha miaka mingi baadaye Baba na Mama wakapata kibanda chao Chamazi, kwenye tambarare. Kila mvua kubwa ilipotangazwa redioni, nilimwona Baba akinyamaza na Mama akitafuta kazi ya kufanya.

Nilikuwa sekondari Baba aliponichukua kwenda naye Bunju kuokoa tofali zinazofaa. Bi Rukia alikuwa ameshafariki, duka limefungwa. Tulibomoa kutwa, yeye kwa nyundo, mimi nikipanga. Alianza na ule ukuta wenye ufa, ikabidi aupige sana kabla haujakubali. Alipopumzika, amekaa kwenye kivuli cha ukuta uliobaki, nilimuuliza kama alimkasirikia Mama siku ile. Alifuta jasho. Akaniambia hapana. Akasema kila Jumapili akikoroga ile saruji alikuwa anajua haishiki, na alijua kwa nini haishiki, lakini mtu ukishaanza kitu kama kile huwezi kuamka tu ukaacha.

"Nilikuwa nasubiri mtu aniachishe," alisema. "Nilikuwa nimechoka sana, mwanangu."

Akaniomba nisimwambie Mama, maana akijua kwamba Baba alikuwa anajua siku zote, angeona alipanda kule juu bure. Sikumwambia.

Mwezi uliopita nilikwenda Chamazi kuwasalimia. Baba alikuwa chumbani amelala na redio yake, siku hizi analala mchana. Mama alikuwa anachambua mboga kibarazani, nikamsaidia. Nilimsimulia habari za fundi na ufa wa Sinza, tukacheka kidogo. Kisha, sijui ilikuwaje, nikamwambia kile ambacho hatukuwahi kusema: kwamba ule ukuta haukuanguka.

Mama aliendelea kuchambua.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakwenda kuuangalia. Kila mvua kubwa ikikatika nasema nakwenda sokoni, natoka Mbagala nakwenda mpaka Bunju kuuangalia."

Nikamuuliza alikuwa anaangalia nini.

Alitupa bua la mchicha uani, akajifuta mikono kwenye kanga. Kutoka chumbani redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari na Baba anakoroma kuizidi.

"Nilikuwa nauombea uanguke," alisema. "Ile nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nasimama pale barabarani namwomba Mungu auangushe, ili nijue sikumvunjia nyumba yake bure." Akasikiliza kidogo upande wa chumbani. "Usimwambie baba yako."

Nikamwambia sitamwambia. Tukamaliza mboga, akanyanyuka kwa kushika bega langu, akaenda kubandika.